Mafunzo ya Wahudumu Chini ya Leseni ya 245D, Minnesota: Mwongozo Kamili

Faili limejaa vyeti, kila kimoja kina nembo na sahihi, na bado mkaguzi wa leseni anaandika kosa. Jambo hili linajirudia mno katika nyumba za kuhudumia watu wenye ulemavu zinazoendeshwa na watu wetu Minnesota, hasa Wakenya wa Brooklyn Park na Brooklyn Center. Ukichunguza, mara nyingi mafunzo yalifanyika kweli. Ila yalifanyika baada ya muda wake kupita, au hayakuandikwa yalichukua saa ngapi, au hakuna karatasi inayoonyesha kwamba mhudumu aliyaelewa.

Leseni ya nyumba hizi huitwa 245D, kwa jina la sura ya sheria za jimbo inayosimamia huduma za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 245D.09 cha sheria za Minnesota, pamoja na kile cha kumbukumbu cha 245D.095, vinataka majibu ya maswali manne: mhudumu alifundishwa lini, nani alimfundisha, kwa saa ngapi kwa kila mada, na ulijuaje kwamba ameweza. Hatua zote hapa chini ni njia ya kuyajibu hayo manne kabla hujaulizwa.

Neno moja kuhusu mipaka. Mwongozo huu ni wa mwenye leseni ya 245D aliyeajiri wahudumu. Kama unaendesha makao ya wazee yenye leseni ya 144G, hayo yako chini ya Idara ya Afya na kanuni zake za mafunzo ni nyingine. Wapo waliochukua fomu za rafiki wa 144G wakazitumia kwenye nyumba ya 245D. Usifanye hivyo.

## Andaa hivi kwanza

- Maandishi ya sasa ya vifungu 245D.09, 245D.095 na 245A.65, kutoka tovuti ya Revisor, ofisi ya jimbo inayochapisha sheria. Bunge hurekebisha sheria hizi mara kwa mara, kwa hiyo nakala uliyopewa ulipofungua nyumba huenda imepitwa.
- Leseni yako, ili uone umeruhusiwa huduma zipi.
- Sera na taratibu za nyumba yako, toleo linalotumika leo.
- Mpango wa huduma wa kila mhudumiwa, na mpango wake binafsi wa kuzuia unyanyasaji kama anao.
- Majibu ya uchunguzi wa rekodi za kila mhudumu kutoka NETStudy 2.0, mfumo wa jimbo wa mtandaoni wa kuchunguza kama mtu ana historia inayomzuia kufanya kazi hii.
- Fomu moja ya kumbukumbu za mafunzo. Moja tu, kwa wahudumu wote.
- Maswali ya kupima kila mada, na orodha za kumtazama mhudumu akifanya kazi kwa mikono yake.
- Muuguzi aliyesajiliwa unayeweza kumwita.
- Kalenda ambayo wewe na meneja wako mnaiona kwa pamoja.

## Hatua ya 1: Jua huduma zako ni za msingi au za kina

Sheria inagawa huduma mafungu mawili, na saa za mafunzo zinategemea fungu. Huduma za msingi ni kama kumpumzisha mlezi, kumpa mtu mwenza wa kukaa naye, au kumwangalia usiku. Huduma za kina ni pamoja na makazi ya jamii, yaani zile nyumba ambazo watu wengi huziita grupu homu, huduma za mchana, huduma za ajira, na msaada wa nyumbani unaoambatana na kumfundisha mtu stadi za maisha.

Mhudumu wa huduma za msingi anahitaji saa 10 za mafunzo ya awali. Wa huduma za kina anahitaji saa 30. Kosa la kawaida ni nyumba kuanza na huduma za msingi, ikaongeza za kina baadaye, kisha ikaendelea kuwapa wageni saa 10 kwa sababu ndivyo ilivyozoea.

Umefaulu ikiwa: kwenye ukurasa wa kwanza wa faili la kila mhudumu imeandikwa anatoa huduma gani na anadaiwa saa ngapi.

## Hatua ya 2: Andika tarehe tatu kabla ya kufundisha lolote

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kila mhudumu ana tarehe tatu, na kila moja inaanzisha hesabu yake:

1. Tarehe ya kuajiriwa.
2. Tarehe aliyokutana na mhudumiwa kwa mara ya kwanza akiwa chini ya usimamizi.
3. Tarehe aliyoachwa na mhudumiwa kwa mara ya kwanza bila msimamizi.

Tarehe ya kuajiriwa inaanzisha siku 60 za mafunzo ya awali. Ya pili inaanzisha saa 72 za mafunzo ya unyanyasaji. Ya tatu haiwezi kufika kabla hajafundishwa kuhusu mhudumiwa mwenyewe. Kwa kila aliyeajiriwa baada ya Januari 1, 2014, ni lazima uwe na kumbukumbu inayothibitisha hizo mbili za mwisho. Ratiba ya zamu inaweza kusaidia, lakini ratiba nyingi hazisemi nani alikuwa msimamizi na nani alikuwa anajifunza. Andika tarehe zenyewe.

Kabla ya tarehe ya pili kuna mlango mwingine: uchunguzi wa rekodi. Mtu asikutane na wahudumiwa hadi upate taarifa ya Idara ya Huduma za Kibinadamu ya jimbo (DHS), ndiyo idara inayotoa leseni ya 245D, inayomruhusu. Taarifa nyingine humruhusu akiwa chini ya usimamizi wa moja kwa moja na wa wakati wote, maana yake msimamizi anamwona au anamsikia muda wote. Msimamizi akienda dukani kununua maziwa, hapo usimamizi umekatika.

Onyo: "Njoo tu ukae ukiangalia, hujaanza kazi" si kinga. Akimsaidia mhudumiwa kula, akampeleka matembezini, akamsimamia kwa dakika chache, tayari amekutana naye kikazi.

Umefaulu ikiwa: unaweza kufungua faili lolote na kuzisoma tarehe tatu bila kumpigia mtu simu.

## Hatua ya 3: Fundisha habari za unyanyasaji ndani ya saa 72

Mhudumu ni mtu anayelazimishwa na sheria kuripoti. Ndani ya saa 72 tangu alipotoa huduma ya ana kwa ana mara ya kwanza, awe amefundishwa vifungu vya 245A.65, 245A.66, 626.557 na sura ya 260E: nini huhesabiwa kuwa unyanyasaji, utelekezaji na unyonyaji wa fedha, na aripoti wapi.

Zingatia kwamba ni saa, si siku za kazi. Mhudumu akianza zamu ya kujifunza Ijumaa saa 9 alasiri, muda unakwisha Jumatatu saa 9 alasiri. Wikendi imo ndani. Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni mmoja: fundisha mada hii kabla ya zamu ya kwanza na usiihesabu saa 72 kama nafasi uliyopewa. Ni saa mbili au tatu za asubuhi moja, na zinakuondolea kosa linalowasumbua wengi.

Yaliyomo yawe ya nyumba yako. Mhudumu aondoke akijua mambo haya kwa kinywa chake:

- Kwa mtu mzima, ripoti hupigwa MAARC, kituo cha jimbo cha kupokea ripoti, nambari 1-844-880-1574, mchana na usiku.
- "Mara moja" kwa sheria hii ni mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu alipopata habari.
- Anaweza kuripoti ndani ya nyumba badala ya kupiga mwenyewe. Lakini akifanya hivyo, ana haki ya kupewa taarifa ya maandishi ndani ya siku 2 za kazi ikisema kama ripoti ilipelekwa nje au la, na bado ana uhuru wa kupiga mwenyewe.
- Akiwa na wasiwasi dhidi ya bosi anayepokea ripoti za ndani, ripoti haipiti kwa bosi huyo.

Hilo la mwisho ni gumu kwetu. Mwenye nyumba mara nyingi ndiye aliyempokea mhudumu uwanja wa ndege, au wanasali kanisa moja, au ni shemeji. Mhudumu ataona haya kumripoti. Mwambie mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba akiona kitu apige simu hata kama kinakuhusu wewe. Kisha andika kwamba ulimwambia.

Fundisha pia mpango wa nyumba wa kuzuia unyanyasaji, na sera yenu inayokataza mtu kuwa kazini akiwa amelewa au ametumia dawa za kulevya.

Umefaulu ikiwa: ukimwamsha mhudumu wa usiku ukamuuliza "ukiona michubuko mgongoni mwa mzee, unafanya nini?", anataja nambari au mahali ilipobandikwa, na anajua muda alionao.

## Hatua ya 4: Kamilisha mafunzo ya awali ndani ya siku 60

Siku 60 ni za kalenda, na zinahesabiwa kuanzia kuajiriwa. Aliyeajiriwa Machi 3 awe amemaliza kufikia Mei 2. Saa zake ni mchanganyiko wa mafundisho na kazi chini ya usimamizi, si video peke yake.

Mada zilizotajwa na sheria ni hizi: maelezo ya kazi, ikiwemo kushughulikia na kuripoti matukio na kufuata kanuni za usalama, sera na taratibu za nyumba, na mahali zinapopatikana, faragha ya taarifa, pamoja na sheria ya shirikisho ya HIPAA, haki za mhudumiwa, unyanyasaji, ambao umeshaufundisha, huduma inayomlenga mtu mwenyewe, matumizi sahihi ya kumzuia mtu kwa mikono wakati wa dharura, njia zilizopigwa marufuku, huduma ya kwanza, mbinu za kupunguza hatari ya ukatili wa kingono, ikiwemo ridhaa na mamlaka ya mtu juu ya mwili wake, na lolote lililotajwa katika mpango wa huduma.

Sheria haisemi kila mada ichukue muda gani. Kwa saa 30, mgawanyo ufuatao unafanya kazi katika nyumba ya watu wachache: kazi na matukio saa 4, sera 3, faragha 1.5; haki 2; unyanyasaji 2.5, huduma inayomlenga mtu 2, kumzuia mtu na njia zilizokatazwa 3, huduma ya kwanza 3, ukatili wa kingono 1, na zamu za kujifunza chini ya msimamizi 8. Badilisha kadiri ya wahudumiwa wako.

### Njia zilizopigwa marufuku: usiipite haraka

Mada hii inastahili muda kuliko zote, na ndiyo watu wengi huimaliza kwa kusoma ukurasa mmoja. Sheria inakataza kumzuia mtu kwa mikono, kwa vifaa au kwa dawa, kumtenga, kumfungia, na kumtia karaha au kumnyima kitu, pale lengo likiwa ni adhabu, urahisi wa wahudumu, kufidia upungufu wa wahudumu, au kubadili tabia yake.

Sasa fikiria malezi tuliyolelewa. Mtoto akitukana, anaambiwa aende chumbani akatulie, na asipoomba msamaha halali na chakula. Mhudumu mwenye moyo mzuri kabisa atafanya hivyo kwa mtu mzima wa miaka 40 na kuamini anamfundisha adabu. Katika nyumba ya 245D, kumlazimisha abaki chumbani ni kumtenga. Kumnyima chakula ni kosa lingine juu yake, kwa kuwa mtu anayeishi katika makazi ya jamii ana haki ya kupata chakula wakati wowote. Hali kadhalika kufuli kwenye friji lililowekwa "kwa sababu anakula sana": haki ya mtu haiwekewi mpaka kwa uamuzi wa mhudumu.

Toa mifano ya namna hiyo, mmoja mmoja, na umwache mhudumu aeleze angefanya nini badala yake. Sheria inataka ajue pia kwa nini njia hizo hazifai na kwa nini ni hatari, kwa hiyo orodha ya "usifanye" haitoshi.

Hata kama sera ya nyumba yako ni kutomshika mtu kabisa, mada ya kumzuia mtu wakati wa dharura haiondoki. Mhudumu lazima ajue kipi huhesabiwa kuwa kumzuia.

Zaidi ya hayo, Kanuni za Minnesota sura ya 9544 zinadai saa 8 za mafunzo ya msingi kwa wanaotekeleza au kusimamia mbinu chanya za kusaidia tabia, kabla hawajashika jukumu hilo, kisha saa 4 za marudio kila mwaka. Ziandike kwenye mstari wake, zisifichwe ndani ya zile 30.

### Huduma ya kwanza na kufufua moyo

Lazima kuwe na mhudumu aliyefunzwa huduma ya kwanza kila wakati wahudumiwa wanapokuwepo na wahudumu wanatakiwa kuwepo. Ikiwa mpango wa huduma unataka pia ujuzi wa kufufua moyo na pumzi, mafunzo hayo lazima yawe ya ana kwa ana, mtu afanye mazoezi kwa mikono, na mkufunzi amtazame na kumpima. Vile vyeti vya mtandaoni vya kujibu maswali na kuchapisha havikidhi. Ukiletewa cheti, tafuta palipoandikwa kwamba sehemu ya vitendo ilifanyika. Kama haionekani, mpeleke darasani.

### Mafunzo aliyokuja nayo

Mhudumu aliyetoka nyumba nyingine anaweza kuhesabiwa mafunzo ya mada zile zile aliyoyapata ndani ya miezi 12 kabla hujamwajiri. Masharti ni mawili: uwe na ushahidi wake wa maandishi, na wewe mwenyewe upime kwamba anaweza. Sera za nyumba yako hawezi kuwa amejifunza kwingine, wala wahudumiwa wako.

Umefaulu ikiwa: jumla ya saa inafika 10 au 30, kila mada ina mstari wake, na tarehe ya mwisho haizidi siku ya 60.

## Hatua ya 5: Mfundishe kuhusu mtu atakayemhudumia

Mafunzo ya awali ni ya nyumba nzima. Haya ni ya mtu mmoja mmoja, na muda wake ni mkali kuliko ule mwingine: kabla mhudumu hajaachwa na mtu huyo bila msimamizi. Si ndani ya siku 60. Kabla.

Kaa naye mkiwa na mpango wa huduma mkononi. Aelewe mtu huyu anapenda nini, anaogopa nini, anaongeaje, anakula vipi, na hatari zake ni zipi. Katika makazi ya jamii, pale mpango unapotaja, mafunzo na upimaji yaguse pia usafi wa mwili, kuoga, nywele, meno na meno bandia, lishe bora na jinsi ya kuiandaa, na shughuli nyingine za kila siku.

Nywele watu huzidharau. Mhudumu ambaye maisha yake yote amesuka nywele za Kiafrika anaweza asijue kabisa kutunza nywele za mtu mweupe aliyelala kitandani, na kinyume chake pia. Mpime akifanya.

Ikiwa mtu ana ugonjwa mkubwa wa akili, mhudumu afundishwe kukabili dharura ya afya ya akili, kutuliza hali, na kumsaidia mtu anayetaka kujiua.

Onyo la kwanza: zoezi hili linarudiwa kila mpango unapobadilishwa. Daktari akiagiza chakula kilichosagwa leo, wahudumu wote wa mtu huyo wanahitaji maelekezo mapya na sahihi mpya. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp si mafunzo, na una hatari ya kuvunja faragha juu yake.

Onyo la pili: mhudumu wa kuazima kutoka nyumba yako nyingine ni mgeni kwa watu wa nyumba hii. Hata kama ana miaka mingi kazini, anapitia hatua hii kwa kila mhudumiwa asiyemjua.

Kuna nafasi moja tu ya kupumua. Mtu akiletwa kwa dharura, mafunzo haya yanaweza kukamilika ndani ya saa 72 tangu mhudumu alipoachwa naye peke yake. Andika sababu ya dharura na uihifadhi kwenye faili la mhudumiwa.

Umefaulu ikiwa: kila mhudumu ana karatasi moja kwa kila mhudumiwa, na tarehe yake inatangulia zamu yake ya kwanza ya kuwa peke yake.

## Hatua ya 6: Dawa na vifaa vya tiba

Mhudumu asiye na leseni ya kitabibu haruhusiwi kupanga wala kutoa dawa hadi amalize mafunzo yenye mtaala ulioandaliwa na muuguzi aliyesajiliwa au mtaalamu mwingine wa afya mwenye leseni inayofaa. Ndani ya mafunzo lazima kuwe na kutazamwa: mkufunzi anamwona akisoma agizo, akilinganisha na chupa, akitoa, akiandika.

Mhudumiwa akiwa na hali ya kiafya inayohitaji uangalizi maalumu wa kitabibu au wa kiuguzi, na huduma zake zikalazimika kurekebishwa kwa ajili hiyo, basi utoaji wa dawa lazima ufundishwe na muuguzi aliyesajiliwa, muuguzi wa ngazi ya juu, msaidizi wa daktari, au daktari. Mhudumu mzoefu hawezi kumfundisha mwenzake hapo.

Vifaa vya kuokoa maisha, kama mashine ya kupumulia au mrija wa kulishia, hufundishwa na mtaalamu wa afya mwenye leseni au mwakilishi wa mtengenezaji, na hapo pia lazima mhudumu atazamwe akifanya.

Aliye chini ya miaka 18 hatoi dawa wala hafanyi zamu ya usiku. Kijana wako wa sekondari anaweza kusaidia mengine.

Umefaulu ikiwa: karatasi ya dawa ina jina na sifa za mkufunzi, na orodha ya alichotazamwa akifanya. Cheti kinachosema "amehudhuria" hakitoshi.

## Hatua ya 7: Pima, usiamini kuhudhuria

Umahiri hupimwa kwa njia mbili: mtihani wa maarifa, au kumtazama mhudumu akifanya. Anayepima ni mkufunzi mwenyewe, au mtu ambaye mkufunzi alikwisha kumthibitisha katika mada hiyo. Kwa faragha na haki za mhudumiwa, maswali kumi ya maandishi yanafaa. Kwa kuogesha, kunyanyua mtu, au kutoa dawa, mtazame.

Suala la lugha linaulizwa sana. Kueleza kwa Kiswahili ndiyo njia nzuri kwa mhudumu aliyetoka Bukavu au Kigoma juzi. Lakini ripoti ya tukio na kumbukumbu za dawa huandikwa kwa Kiingereza, na akipiga 911 ataongea Kiingereza. Fundisha kwa Kiswahili, kisha mpime kwa kumfanya ajaze fomu halisi ya tukio. Akikwama kwenye fomu umejua pa kumsaidia, na ni heri ujue sasa kuliko siku mtu ameanguka bafuni.

Akifeli mtihani, usitupe karatasi. Andika kwamba alirudia, lini, na matokeo ya pili. Faili ambalo kila mtu amepata alama zote kwa mwandiko mmoja linamtia mkaguzi shaka, na ana haki.

Kumbuka pia tathmini ya utendaji ya mara kwa mara, inayotokana na kumwona mhudumu kazini. Nayo ni sehemu ya sifa zake kisheria.

## Hatua ya 8: Jaza faili siku hiyo hiyo

Faili la mhudumu liwe na tarehe ya kuajiriwa, fomu ya maombi iliyojazwa, sahihi yake kwamba ameelezwa kazi na ameielewa, ushahidi kwamba ana sifa za nafasi hiyo, uchunguzi wa rekodi uliokamilika, tathmini, na kumbukumbu za mafunzo. Kila mstari wa mafunzo unahitaji tarehe ya kumaliza, saa kwa kila mada, na jina la mkufunzi. Mimi huongeza safu mbili: njia ya kupima, na sahihi ya mhudumu.

Mstari unaokubalika unaonekana hivi: "Aprili 14, haki za mhudumiwa, 245D.04, saa 2, mkufunzi: jina kamili, mtihani wa maswali 10, amepata 9, sahihi."

Mstari usiokubalika ni huu: "Aprili, mafunzo mbalimbali, siku nzima."

Usirudishe tarehe nyuma. Ukigundua pengo, fanya mafunzo leo, andika tarehe ya leo, na uongeze maelezo mafupi ya kilichotokea. Kuchelewa ni kosa la kurekebishwa. Kughushi ni jambo jingine kabisa, na linaweza kukugharimu leseni.

## Hatua ya 9: Panga mafunzo ya kila mwaka

Kwa huduma za kina, mhudumu mwenye uzoefu ulioandikwa usiofika miaka 5 anadaiwa saa 24 kwa mwaka. Mwenye miaka 5 au zaidi, saa 12. Kwa huduma za msingi ni saa 12 na saa 6. Sisitiza lile neno "ulioandikwa". Kama huna barua ya mwajiri wa zamani au ushahidi mwingine, mhesabu kama mgeni.

Mada za awali zinarudiwa, kuanzia faragha hadi ukatili wa kingono. Aliye na cheti hai cha huduma ya kwanza anasamehewa mada hiyo mpaka cheti kiishe. Mafunzo ya nje yanayohusiana na mada yanahesabika. Jukwaa la mafunzo ya mtandaoni la DirectCourse, lililotokana na Chuo Kikuu cha Minnesota, ni mfano unaotumiwa sana.

Sheria za leseni za jimbo zinafafanua "kila mwaka" kuwa ni kabla ya mwezi ule ule wa mwaka unaofuata au ndani yake. Mafunzo yaliyofanyika Machi 10, 2025 yanatakiwa kurudiwa kufikia Machi 31, 2026. Ukiwa na wahudumu wengi, ni rahisi kuchagua mwezi mmoja na kuwafundisha wote, mradi usimpitishe yeyote mwezi wake. Anayeangukia nje, mvute mbele. Kumwahisha hakuna kosa.

Umefaulu ikiwa: kalenda inakukumbusha siku 60 kabla ya kila tarehe, na meneja anapata kumbusho hilo hilo.

## Hatua ya 10: Jikague, na ujue la kufanya barua ikija

Kila robo mwaka, chukua mafaili matatu bila kuchagua: mhudumu mpya, wa zamani, na wa usiku. Wa usiku ndiye husahaulika. Linganisha tarehe zake tatu na ratiba ya zamu halisi. Zikipingana, tatizo umelipata kabla ya mkaguzi.

Ukipokea agizo la marekebisho, soma kifungu kilichotajwa na muda uliopewa. Unaweza kuomba lifikiriwe upya, kwa maandishi, ndani ya siku 20 za kalenda tangu ulipolipokea. Lakini kuomba hakusimamishi wajibu wa kurekebisha. Rekebisha kwanza, kisha bishana ukiwa na sababu. Maagizo haya huonekana kwenye tovuti ya leseni ya idara, mahali ambapo familia na wasimamizi wa kesi huangalia kabla ya kukuletea mtu.

Jibu lako lieleze mambo matatu: ulifanya nini kwa mhudumu aliyetajwa, ulipitia mafaili ya wengine lini, na nani sasa anasimamia kalenda. Ambatanisha karatasi zenyewe, zikiwa na tarehe za kweli.